Uzi: Kundi limekwama Unguja, boti zimesitishwa kwa upepo. Mratibu aanze na lipi?

MratibuWaMsafara

Wakuu, salaam.

Kusi (upepo wa kusini) likishika kasi, kuanzia Juni hadi Agosti, hali hii hujirudia. Kundi la watu 30 limevuka Ijumaa, tiketi za kurudi Dar ni za Jumapili, na Jumapili asubuhi linatoka tangazo kwamba boti zimesimama. Uzi huu ni wa wanaobeba dhamana: viongozi wa kwaya, wa vikoba, walimu, kamati za ukoo, watu wa ofisi. Naweka mpangilio wa saa za mwanzo, wenye utaalamu wa kila kipande wajazie. Ombi moja: tusisimuliane yaliyotukuta. Tuleteane vipimo na sababu.

La kwanza ni vyumba. Wengi hukimbilia dirisha la tiketi, lakini tiketi haikimbii, vyumba ndivyo vinavyokimbia. Upepo unaosimamisha boti huja zaidi Julai na Agosti, na hiyo ndiyo miezi ambayo nyumba za wageni zimejaa. Boti moja ikisimama, mamia ya watu wanatafuta kitanda ndani ya mitaa ile ile ya Malindi, Shangani na Darajani. Saa moja ya kuchelewa inatosha kukufanya ulaze watu 30 katika nyumba nne tofauti.

Kwa hiyo gawa kazi mara moja. Mmoja aende dirisha la tiketi, mmoja apige simu za vyumba, mmoja abaki na kundi asiondoke hata kwa dakika tano. Huyo anayebaki ndiye anayehesabu. Kila mtu awe na namba yake tangu siku ya kuondoka, 1 hadi 30, na mkihesabu kila mtu ataje namba yake kwa sauti. Kuhesabu vichwa kwa macho gatini, penye mabegi, wachukuzi na abiria wengine, hutoa jibu jipya kila mara.

Pili, watoe watu gatini. Kundi linalosubiri juu ya mabegi kwa saa nne linachoka, linagombana, na ndipo mmoja anakuja na wazo la "kuna jamaa ana chombo". Nitalirudia hilo.

Tatu, uliza dawa: nani ana kisukari, presha, pumu, mjamzito, na nani dawa yake inaisha leo. Ulizia pembeni, mmoja mmoja. Mbele ya kundi watu hujibu "sina tatizo".

Nne, ujumbe kwa nyumbani. Mtu mmoja anaandika, wengine wanausambaza kama ulivyo. Mfano:

"Jumapili saa 2:15 asubuhi. Boti za leo zimesitishwa kwa sababu ya upepo. Watu wote 30 tuko salama Mjini. Tunalala hapa leo. Taarifa nyingine saa 10 jioni. Msipige simu za watoto, mpigieni fulani."

Angalia kwamba hakuna ahadi ya "kesho tutakuwa nyumbani". Ukiiandika hiyo na kesho boti zisitoke, simu zitakuelemea.

Na kinga yenyewe ni rahisi: siku ya kurudi msikabidhi vyumba kabla ya kuthibitisha safari. Piga simu saa 12 asubuhi. Hata boti ikiwa inatoka, mwombe mwenye nyumba akuachie vyumba viwili au vitatu mpaka ing'oe nanga. Wengi hukubali ukiomba kwa heshima usiku wa kuamkia, si asubuhi ya kukurupuka.

---

Demani

Naongezea upande wa hali ya hewa, maana "ghafla" ya watu wengi si ghafla.

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa taarifa ya siku 5 zinazofuata kila siku. Ngazi ni tatu juu ya hali ya kawaida: angalizo (njano), tahadhari (chungwa), tahadhari kubwa (nyekundu). Maneno ya kutafuta kwa safari ya bahari ni haya: "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2". Ukiona sentensi hiyo na eneo lako limetajwa (ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba), jua safari yako iko mashakani hata kama dirishani kwako jua linawaka.

Chini ya kila taarifa kuna mistari miwili ambayo watu huruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Ni vitu viwili tofauti. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa unastahili mpango wa pili kuliko uwezekano mkubwa wenye athari ndogo.

Jambo la pili ni uelekeo. Mji wa Unguja uko karibu kaskazini moja kwa moja ya Dar. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo kwenda mnasukumwa, kurudi mnapigana na mawimbi usoni. Ndiyo maana kundi linakwenda likiimba na kurudi limelala chini. Kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Anayepima bahari ya kurudi kwa jinsi alivyokwenda amepima kwa kibaba cha mtu mwingine.

La tatu: kwa kawaida upepo huongezeka mchana kwa sababu upepo wa bahari unajumlishwa juu ya kusi lenyewe. Ukiwa na hiari, kata boti ya kwanza ya asubuhi. Faida yake nyingine: ikisitishwa, bado una siku nzima ya kutafuta vyumba. Boti ya jioni ikisitishwa, unatafuta vyumba gizani.

Na upepo kutulia si bahari kutulia. Mawimbi yaliyokwisha kujengeka huendelea kwa saa nyingi. Usiwaambie watu "upepo umekata, tunaondoka" mpaka upate neno la mamlaka.

---

MtuWaGati

Tiketi sasa.

Kuna hali mbili ambazo watu huzichanganya na kupoteza hela:

Chombo kimesitishwa. Hapo safari imevunjwa na upande wa pili, na kwa kawaida unahamishiwa safari inayofuata yenye nafasi. Soma masharti ya tiketi yako kabla ya safari, yameandikwa.

Chombo kinaondoka lakini ninyi mmeogopa. Hapo mmejivunjia wenyewe, na masharti ya kuahirisha kwa hiari yenu ndiyo yanayofanya kazi: muda wa kutoa taarifa, makato, na pengine hakuna kurudishiwa. Sisemi mpande. Nasema mjue mnachoamua kinagharimu kiasi gani, ili kamati ikate shauri ikiwa na hesabu mkononi.

Mambo ya kufanya pale dirishani:

Piga picha tangazo la kusitishwa, saa ionekane. Hoteli ya kule mnakokwenda, mwenye Coaster, hata mwajiri, wote watataka ushahidi, na ubao huo hufutwa jioni.

Omba kundi lihamishwe likiwa moja, kwa namba ya kumbukumbu moja. Wakisema nafasi ziko 18 tu, msigawanyike kiholela. Gaweni kwa mpango: kila sehemu iwe na kiongozi, pesa, na simu yenye chaji. Wenye dawa zinazoisha na wenye watoto wadogo wapande kwanza, mweka hazina abaki na sehemu ya pili. Kosa la kawaida ni kamati nzima kupanda kwanza "ili ikapokee wenzao", na walio nyuma wakabaki bila senti wala kauli.

Vitambulisho. Orodha ya abiria inaandikwa upya kwa safari mpya, kwa hiyo kitambulisho cha kila mtu kinahitajika tena. Kama vitambulisho 30 viko kwenye begi moja na begi limeshapakiwa, mmekwama mara ya pili.

Usinunue tiketi mpya kwa mtu anayezunguka nje ya gati akisema ana nafasi za kesho. Siku ya tangazo ndiyo siku yao ya mavuno.

---

HesabuKwanza

Hapo kwenye pesa ndipo makundi mengi huvunjikia. Mchango unakusanywa kwa bajeti ya siku tatu, siku ya nne mratibu anaanza kuomba elfu kumi kumi barabarani.

Weka akiba ya usiku mbili ndani ya mchango tangu mwanzo, iitwe kwa jina lake, na kila mtu ajue itarudishwa isipotumika. Mfano wa hesabu, badilisha kwa bei za siku hiyo:

Kulala, watu watatu chumba cha 75,000: 25,000 kwa kichwa.
Chakula milo mitatu: 20,000.
Daladala, maji, vocha: 5,000.
Jumla 50,000 kwa siku, siku mbili 100,000. Watu 30, milioni 3.

Watu watapiga kelele kwamba mchango umepanda kwa laki. Waambie ni amana. Kundi lisilotaka kuweka laki ya amana ni kundi litakalopanda chombo kibovu ili kuokoa laki hiyo hiyo. Ndivyo mambo yanavyokwenda.

Akiba isikae kwenye simu moja. Simu ikilowa au kuzima, akiba imezima. Gawa kwa laini za mitandao miwili tofauti, watu wawili tofauti, na karibu sehemu moja ya tano iwe taslimu. Umeme ukikatika kwa dhoruba mtandao nao huyumba, na mama ntilie hatapokea picha ya salio lako.

Daftari liwe la karatasi. Kila malipo ya dharura: saa, kiasi, nani kapokea, nani kashuhudia. Mkifika nyumbani watu hawatakumbuka mvua, watakumbuka laki zao.

Chakula: mkipata jiko la kuazima, mchele gramu 150 kwa mtu mzima, watu 30 ni kilo 4 na nusu kwa mlo mmoja. Maharage makavu kilo 2 na nusu. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu kwa siku ni lita 90, yaani madumu matano ya lita 18.9. Ukinunua chupa ndogo ndogo utalipa mara kadhaa zaidi kwa maji yale yale.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Nashukuru wakuu. Naomba kuuliza upande wa pili: wanafunzi 42 wa kidato cha pili, ratiba ina safari ya boti ndogo kwenda Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda. Asubuhi kweupe, ila taarifa ina angalizo la mvua na upepo. Nahodha anasema twende tuwahi kurudi. Mratibu ambaye si mtu wa bahari anaangalia nini?

---

NahodhaWaUnguja

Mwalimu, assalaam aleikum. Swali zuri, na jibu la kwanza ni kwamba ukiwa na angalizo la upepo na watoto 42 wa skuli, Nakupenda inafutwa. Lile fungu halina mti, halina banda, na maji yakijaa halipo. Mkikutwa na dhoruba pale hamna pa kujificha, na boti haiwezi kutulia pembeni yake. Changuu angalau ni kisiwa chenye majengo.

Ukikuta siku ambayo hakuna angalizo, bado kagua haya kabla ya mtoto wa kwanza kupanda:

Laifu jaketi. Zihesabu kwa mkono, usihesabiwe. Ziwe 42 za wanafunzi, na juu yake za walimu na mabaharia, na za watoto wadogo ziwe za saizi yao, imeandikwa kilo ngapi kwenye kitambaa. Mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha mshike mabegani mwa jaketi uvute juu. Likipita kidevu, ni kubwa, majini litamtoka. Minya sponji: likibonyea na kubaki limebonyea, limekufa, haliwezi kumfanya mtu aelee. Na zivaliwe pwani. Jaketi lililofungwa chini ya benchi ni mzigo tu. Dhoruba ikishapiga, hakuna anayeweza kuvaa mikanda mitatu boti ikiruka.

Turubai. Hili halisemwi sana. Boti zetu za utalii zina turubai la kivuli juu ya nguzo. Upepo wa ghafla ukilipiga kwa ubavu linakuwa tanga lisilo na demani (kamba ya tanga) ya kulegeza, na boti inalala upande. Nahodha anayejua kazi akiona wingu limeshuka, la kwanza ni kukunja turubai, hata abiria waloe. Ukiona abiria wanakataa lisikunjwe kwa kuogopa mvua, wewe mwalimu simama upande wa nahodha.

Kukaa. Mvua ikija ya upande mmoja, watu wote husogea upande mkavu. Watoto 20 wa kilo 45 ni kilo 900 zimehamia ubavu mmoja. Waambie kabla: mvua ikipiga, kila mtu abaki alipo, akae chini kwenye sakafu ya boti, si juu ya benchi. Uzito ukiwa chini boti inatulia.

Mashine. Uliza kama kuna ya pili. Uliza mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Sababu ya mashine kuzima katikati ya mawimbi mara nyingi si ubovu wa mashine. Uchafu na maji yaliyolala chini ya tangi siku zote za bahari tulivu huvurugwa na mawimbi, yanakwenda kuziba chujio. Kwa hiyo mashine iliyotembea vizuri miezi miwili inazima siku ile ile ya dhoruba. Nahodha awe na chujio la akiba na plagi za akiba ndani ya kopo kavu.

Nanga. Iwepo na kamba ndefu, mara tano hadi saba ya kina cha maji. Mashine ikizima, nanga inatupwa omo (mbele) ili boti igeuze uso kwa mawimbi. Ikifungwa tezi (nyuma), mawimbi yanaingia kwa nyuma penye mashine, na huko ndiko boti iko chini zaidi.

Ndoo mbili za kukumba maji, zimefungwa kamba. Ndoo isiyofungwa huondoka na wimbi la kwanza.

Dalili za kugeuza: upepo unakufa ghafla kisha unakuja wa baridi kutoka upande mwingine, mstari mweusi juu ya maji upande wa wingu, kisiwa kilichokuwa kinaonekana kinafutika. Ukiona mstari huo una dakika chache tu, si nusu saa. Haijalishi mmebakiza mita 500 kufika; kama pa kujikinga pako karibu zaidi nyuma, rudini.

Watoto 42 wasiwe boti moja. Boti tatu za 14, kila moja na mwalimu, zikitembea kwa kuonana.

---

Kijana_wa_Makumbusho

Mkuu Nahodha heshima yako, lakini boti tatu ni gharama mara tatu. Na jaketi kwa joto la Unguja watoto wanazimia.

---

NahodhaWaUnguja

Kwenye gharama sikuongezi neno, amua na bodi ya skuli. Kwenye joto: Mjini hadi Changuu ni mwendo wa nusu saa hivi, na baharini kuna upepo. Wavalishwe dakika za kupanda, si saa nzima kabla, na wanywe maji kwanza. Mtoto hazimii kwa jaketi la nusu saa.

---

Demani

Nyongeza ya radi, maana mvua za vuli na masika huja nazo. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi mlio. Sauti husafiri karibu kilomita moja kwa sekunde tatu, kwa hiyo sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari mko ndani ya eneo la kupigwa. Watu watoke majini na ufukweni, waingie kwenye jengo au gari lililofungwa. Banda la makuti halihesabiki, mnazi ndio kabisa. Subirini dakika 30 tangu mlio wa mwisho, na kila mlio mpya hesabu inaanza upya.

---

MratibuWaMsafara

Narudi kwenye lile la "kuna jamaa ana chombo".

Boti kubwa zikisimama, huwa kuna mtu anayejitolea kuvusha watu kwa chombo cha mbao kwenda Bagamoyo au Kunduchi. Hoja yake ni kwamba wazee walivuka hivyo miaka yote. Wazee walivuka kwa msimu, na walisubiri msimu. Siku ambayo chombo cha abiria chenye redio, maboya na mabaharia waliosomea kimezuiwa, chombo cha mbao kilichotoka kupakia mkaa hakina kinachokifanya kiwe salama zaidi. Hakiandikishi abiria, kwa hiyo kikipata shida hakuna anayejua wako wangapi wala waanze kutafutwa wapi. MV Skagit ilikuwa boti ya abiria yenye mashine, na ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar, katikati ya kusi.

Mratibu aseme mapema, kabla hoja haijazaliwa: atakayeondoka kwa chombo hicho anaandika jina lake na saini kwamba amejitoa kwenye kundi, na mwenye mtoto wa mtu mwingine haruhusiwi. Watu wakiona karatasi, wengi hukaa chini.

---

HesabuKwanza

Na ndege? Watu 30 kwa ndege ndogo za viti 12 au 13 ni safari tatu. Mizigo kilo 15 kwa mtu, begi laini, inapimwa. Upepo unaozuia boti si lazima uzuie ndege, kwa hiyo wagonjwa na wenye safari za kuunganisha nje ya nchi wapewe hiyo njia kwanza. Bei ya siku ya msukosuko huwa si ya kawaida, usiwahamishe wote kwa akiba ya pamoja bila kikao.

---

Bi_Mkubwa_wa_Safari

Wanangu mmesahau matapishi. Boti zikifunguliwa, bahari bado ina mawimbi.

Kaeni katikati ya boti, chini, kuelekea nyuma kidogo. Huko kunayumba kidogo kuliko mbele na juu. Macho yatazame upeo wa maji, si simu. Mle kitu chepesi saa moja au mbili kabla: mkate mkavu, ndizi, uji mwepesi. Tumbo tupu linatapika vibaya kuliko lenye kitu, na urojo saa moja kabla ya kupanda ni kujitafutia.

Vidonge vya kichefuchefu vya safari vinanyweka kabla, si mkishaanza kutapika. Sinarizini kwa mtu mzima ni saa mbili kabla. Promethazini inaleta usingizi mzito, anayepewa asiachiwe mtoto wala mkoba wa pesa. Wajawazito, watoto na wenye dawa nyingine waulize mfamasia kwanza. Mifuko: miwili kwa kila mtu, ya karatasi nene, na usisubiri ya boti maana huisha. Chumvi ya kuongeza maji mwilini, pakiti 10 kwa watu 30, moja kwa lita moja ya maji safi, kunywa kwa mikupuo midogo.

---

FundiDizeli

Kundi limefika Dar, Coaster inasubiri, na mvua ile ile imefika nchi kavu. Hapa pana hatari kuliko baharini kwa sababu hakuna anayefunga gati. Dereva ndiye anayeamua.

Mmechelewa siku moja, kila mtu anataka kulala kwake Morogoro au Dodoma leo. Dereva amekesha akisubiri simu. Muulize amelala saa ngapi, na msimsukume usiku. Posho ya siku ya ziada ni ndogo kuliko gharama ya dereva anayesinzia Chalinze.

Maji barabarani. Maji yanayotembea msivuke, hata yakiwa ya kifundo cha mguu upande mmoja. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kulifanya gari dogo lielee, sentimita 60 zinabeba magari mengi makubwa zaidi. Gari halichukuliwi kwa nguvu ya maji peke yake. Linaelea kwanza, tairi zikipoteza uzito hakuna breki wala usukani. Na lori lililopita mbele yenu si kipimo; lina tani 20 za mzigo, ninyi mna watu.

Tarehe 4 Desemba 2021 huko Mwingi, Kitui, basi lililobeba kwaya kwenda harusini liliingia kwenye maji ya mto Enziu yaliyofunika daraja. Walifariki zaidi ya 30. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama, maji yalionekana ya kupitika. Kilichokuwa chini hakikuonekana.

Maji yaliyosimama, yasiyotembea: mtu mwenye fimbo atangulie, abiria washuke, apime kina na ugumu wa chini. Yakizidi nusu ya rimu, rudini. Yakiwa chini ya hapo, gia namba moja, mwendo wa mtu kutembea, bila kukanyaga klachi katikati, bila kubadilisha gia. Ukienda kasi unajitengenezea wimbi linalopanda hadi kwenye bomba la kuvuta hewa. Mkitoka, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa zikauke.

Injini ikizima ndani ya maji, usiipige stata. Ikiwa imemeza maji, pistoni inakwenda kugonga maji yasiyobanika na koneti rodi (mkono wa pistoni) inapinda. Ivutwe, nozo zifunguliwe, maji yatemwe, ndipo iwashwe. Stata moja ya haraka inageuza kazi ya siku moja kuwa injini mpya.

Kuna pia kufungwa kwa barabara kwenyewe. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, boti zilisimama na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika upande wa Somanga, Kilwa, magari yakalala siku kadhaa. Kundi linaloelekea kusini wakati wa masika libebe maji na chakula cha siku mbili ndani ya gari, na tangi lisishuke nusu.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Nimenakili yote. La mwisho kwa Nahodha: tukisogeza Nakupenda wiki nyingine, nitajuaje saa ya kwenda bila kumtegemea anayeniuzia safari?

---

NahodhaWaUnguja

Tazama mwezi, Mwalimu. Siku za bamvua (maji makubwa), mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, Unguja maji hujaa karibu saa 10 alasiri na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Hapo fungu liko wazi asubuhi: mwende saa 3, mgeuze saa 5 na nusu, msisubiri maji yawafikie miguuni. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki ni maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana), kupwa kumehamia alasiri, yaani wakati ule ule upepo unapokuwa mkali, kwa hiyo siku hizo usipange. Kamba ya kuhesabia watoto iwe na mafundo 42, na fundo la mwisho alishike mwalimu.